Namna ya kushona abakosti ambayo wazee wa Lubumbashi hawataicheka

Wapenzi wa mavazi ya zamani huko Ulaya wana raha moja ambayo sisi hatuna. Anayeshona gauni la Ufaransa la mwaka 1780 anaweza kukosea mkono, akakosea na kifua, na hakuna bibi atakayetoka kaburini kumwambia kwamba wakati wake haikuwa hivyo. Wewe ukishona abakosti, lile vazi la wanaume la enzi za Rais Mobutu lililochukua nafasi ya suti na kravati, hapa Lubumbashi, Kongo, mashahidi wako hai. Wamekaa kivulini Kamalondo, na vazi lenyewe walilivaa kazini, kanisani na siku ya ndoa yao. Ukipita mbele yao na shingo mbaya, watakuita: "Mwana, hii haiko abakosti. Hii ni ya Kaunda."

Kwa hiyo mwongozo huu hauanzi na mkasi. Unaanza na wazee.

Mimi kazi yangu ni kutengeneza frigo. Kushona ni ugonjwa wa jioni, na ulinishika kupitia maigizo ya parokia: mtu anacheza mkurugenzi wa mwaka 1975 huku amevaa vesti (koti la suti) ya juzi yenye rever nyembamba, yaani ile sehemu ya mbele inayokunjika kifuani, na mimi tangu hapo sisikii tena anachosema. Mji huu umezoea maigizo. Kundi la Mufwankolo lilicheza kwa Kiswahili chetu miaka na miaka, watu wakacheka mpaka machozi. Watazamaji wa namna hiyo wana macho makali, na mavazi ya kubahatisha hayawapiti.

Chagua mwaka kabla ya kuchagua kitambaa

"Abakosti ya zamani" si maelezo ya kutosha kumpa fundi. Nchi iliitwa Zaire tarehe 27 Oktoba 1971. Mwaka 1972 suti na kravati vikaondolewa kwa amri, majina ya Kikristo yakafuata njia hiyohiyo, na watu wakaanza kuitana citoyen na citoyenne, yaani raia. Wanawake nao walikatazwa suruali, minijupe (sketi fupi) na wigi. Januari 1973 Mobutu alikwenda Beijing, na vazi la Mao likaacha alama yake kwenye shingo za wakubwa wetu. Halafu tarehe 24 Aprili 1990, pale N'Sele karibu na Kinshasa, katika hotuba ileile iliyofungua mlango wa vyama vingi, kravati ikarudishiwa ruhusa. Mobutu mwenyewe alisema kwamba yeye hataonekana akiivaa.

Hiyo ni miaka kumi na minane. Ndani yake suruali zilipanuka chini, kisha zikarudi kuwa nyembamba. Mabega yalibana, kisha yakapanuka. Abakosti ya 1974 na ya 1986 si vazi moja. Mchezaji wako akiwa anaigiza mwaka 1974, mwandikie fundi "1974" kwenye karatasi, ibandike ukutani, na kila swali litakalozuka lijibiwe na karatasi hiyo. Usisahau jina la mhusika pia. Mkurugenzi wa 1974 hakujitambulisha kwa wageni kama Monsieur Jean-Pierre.

Halafu kuna jirani. Mpaka wa Kasumbalesa hauko hata kilomita 100 kutoka hapa, na ng'ambo yake Kenneth Kaunda alitawala Zambia kuanzia 1964 mpaka 1991 akiwa amevaa suti yake ya mikono mifupi yenye kola wazi. Vijana wanazichanganya hizi mbili kila siku. Abakosti nayo iliweza kuwa na mikono mifupi, kwa hiyo usitafute tofauti mkononi. Itafute shingoni, na itafute ndani: abakosti nzuri ilikatwa kama vesti ya suti, ina bitana, ina mabega yaliyojengwa. Suti ya Kaunda iko karibu zaidi na shati zito.

Albamu na kabati

Nenda kwa familia zenye pensheni ya Gécamines, kampuni ya migodi, au ya reli. Nenda asubuhi, siku ambayo si ya kanisa, na usiende mikono mitupu. Kilo ya sukari inatosha. Usiulize, "Papa, abakosti ilikuwaje?" Swali hilo litakuletea hotuba juu ya siasa, tamu lakini haishoneki. Uliza alikuwa anaweka kalamu mfuko gani. Uliza ndani alivaa singlendi au hakuvaa kitu. Uliza mama nani alimpigia pasi, na kola ilikuwa inachakaa upande gani kwanza. Hapo utamwona mzee anainua mkono na kugusa shingo yake mwenyewe mahali kifungo kilipokuwa. Pima hapo kwa macho.

Picha za studio ndizo hazina kubwa kuliko zote. Usiombe kuzichukua. Zipige kwa simu karibu na dirisha, bila flashi, picha ikiwa imelazwa mezani, kisha ukuze na kusoma. Ninachoandika kwenye daftari ni hiki: kifungo cha juu kiko umbali gani na kikoromeo, vifungo vinavyoonekana ni vingapi, mifuko imebandikwa juu au imechanwa ndani, pindo la vesti linaishia wapi ukilinganisha na kidole gumba cha mkono ulioning'inia. Hilo la kidole gumba ni muhimu kuliko linavyosikika, kwa sababu urefu wa vesti ndio unaompa mtu umbo la mwaka wake.

Kama picha haina tarehe, mtazame mwanamke aliyesimama kando. Kikwembe (kitenge) chenye neno Zaïre kilichapwa kati ya 1971 na 1997. Chenye alama za MPR, chama cha Mobutu, hakiwezi kuwa cha kabla ya 1967, mwaka chama kilipoundwa. Mara nyingi mke ndiye anayetoa tarehe ya suti ya mumewe.

Rangi ni tatizo, maana picha nyingi ni nyeusi na nyeupe. Michoro inasaidia kidogo. Tshibumba Kanda Matulu alichora historia yote ya nchi hapahapa mjini mwaka 1973 na 1974, na mtu anayetaka kuona kofia nyekundu za Force Publique, jeshi la kikoloni, au nguo za wafungwa wa wakati wa Wabelgiji ataziona mle zikiwa na rangi. Ila mchoraji hutumia rangi alizo nazo koponi. Ukitaka kujua bluu halisi ya vesti fulani, fungua mshono wa ndani wa mfuko wa vazi lenyewe, mahali ambapo jua halikufika.

Na ukibahatika kupewa vazi lenyewe, usilifumue. Kuna njia ya kunakili bila kukata uzi hata mmoja. Tandaza kartoni nene mezani, juu yake karatasi ya kaki, juu yake sehemu moja ya vesti iliyonyooshwa vizuri, tuseme upande wa mbele wa kushoto. Choma pini wima kufuata mshono, moja kila sentimita moja au mbili, zipenye mpaka kwenye kartoni. Ukiondoa nguo, karatasi imebaki na matundu. Yaunganishe kwa kalamu, ongeza sentimita moja na nusu ya mshono, una patroni, yaani karatasi ya kukatia nguo. Kwenye mkono wa nguo, kazi ni ngumu zaidi kwa sababu kitambaa kimeviringika: nakili nusu ya chini kwanza, igeuze, kisha nusu ya juu, na upime urefu wa mshono wa kwapa kwenye mwili na kwenye mkono. Mduara wa mkono lazima uzidi wa mwili kwa sentimita chache. Hizo ndizo zinazokunjwakunjwa kwa uzi juu ya bega ili mkono ukae vizuri.

Kitambaa

Wakubwa waliagiza Ulaya. Kampuni ya Arzoni huko Zellik, Ubelgiji, ilijulikana kwa kushona abakosti za watu wa madaraka, za sufu laini. Karani wa kawaida alivaa tergal, na tergal ni poliesta. Kama mhusika wako ni karani, usimvishe sufu kwa sababu tu umeipata kwa bei nzuri. Tergal inang'aa kidogo magotini na kwenye viwiko ikichakaa, na mng'ao huo jukwaani unaeleza mshahara wa mtu kabla hajafungua mdomo.

Kwenye soko la Kenya (mtaa wa mji wetu, si nchi) muuzaji atakuambia kila kitu ni "pure laine", sufu tupu. Omba nyuzi chache za pembeni, zishike kwa kibanio, ziwashe kwa kiberiti nje ya kibanda. Sufu inanuka nywele zilizoungua, moto wake unajizima, majivu yanavunjika ukiyasugua. Pamba inawaka haraka, inanuka karatasi, inaacha majivu laini ya kijivu. Poliesta inayeyuka na kuacha kitone kigumu cheusi ambacho hakivunjiki. Usikiguse kikiwa moto. Muuzaji atanuna. Mwache anune.

Kwa mtu wa mwili wa kawaida, vesti ya mikono mirefu pamoja na suruali zinakula mita tatu na robo za kitambaa chenye upana wa sentimita 150. Bitana, ongeza mita mbili. Kama kitambaa kina mistari au mirabaraba, ongeza nusu mita ya kulinganisha. Kabla ya kukata, kiloweshe na kukipiga pasi chote, hasa kama ni pamba au sufu. Kisiponywea sasa kitanywea siku ya mvua, na mvua zetu za Januari hazibembelezi. Umeme ukikatika, pasi ya makala inafanya kazi vizuri, mradi uweke kitambaa cha pamba chenye unyevu juu ya nguo na uangalie cheche.

Shingo

Hapa usiharakishe.

Ukikusanya picha za kutosha utaona shingo za aina tatu. Kuna kola iliyosimama peke yake, fupi, imefungwa mpaka juu. Kuna kola inayosimama kisha ikageuka chini, nayo imefungwa mpaka juu. Hii ndiyo iliyo karibu zaidi na ya Mao. Na kuna shingo iliyo wazi kidogo, ambayo ndani yake kunajazwa fulari, yaani kitambaa cha shingoni. Mzee mmoja atakuapia kwamba aina moja tu ndiyo halali. Mwenzake wa nyumba ya pili ataapa kwa ajili ya nyingine. Wote wawili wana picha. Chagua kwa kufuata picha ya mwaka wako na cheo cha mhusika wako, kisha ushikilie uamuzi.

Nitaeleza ile iliyosimama peke yake, kwa kuwa inaonekana rahisi na ndiyo inayoharibiwa zaidi.

Pima shingo mahali inapokutana na mabega: futi ipite juu ya mfupa unaojitokeza nyuma, ishuke mbele mpaka kwenye kishimo cha chini ya koo. Ongeza sentimita 2. Tuseme mtu ana 40. Utafanya kazi na 42, na nusu yake ni 21. Chora mstatili wenye urefu wa sentimita 21 na upana wa 3.5. Mwenye shingo ndefu unaweza kumpa 4. Mwenye shingo fupi mpe 3, la sivyo ataonekana amezama. Upande mmoja wa mstatili ni katikati ya mgongo, upande wa pili ni katikati ya mbele. Sasa inua upande wa mbele kwa sentimita 2, ukichora mstari uliopinda polepole kuanzia karibu na mshono wa bega. Mstari wa juu ufuate mpindo huohuo. Utakuta wa juu umekuwa mfupi kuliko wa chini. Ufupi huo ndio siri yote: kola inaegemea shingo. Kola iliyokatwa kama utepe ulionyooka inasimama mbali na ngozi kama mdomo wa ndoo, na hapo ndipo wazee wanapoanza kucheka.

Ncha mbili za kola zikutane kwenye mstari wa katikati wa kifua. Zisivuke kwenda kwenye sehemu ya vifungo. Vesti inapishana, kola haipishani. Chini yake, kwa ndani, shona kulabu ndogo na kitanzi cha uzi, ili shingo isifunguke mtu akigeuka.

Kitambaa kigumu cha ndani ya kola, kile chenye gundi kinachobandikwa kwa pasi, kina shida kwetu. Pasi ya makala haina kipimo cha joto. Ikizidi, gundi inapenya na kuacha madoa, ikipungua, kola inafanya mapovu baada ya kufuliwa mara ya kwanza. Mimi natumia pamba nzito iliyosokotwa vizuri, ya turubai nyepesi, iliyokatwa kwa hanamu, nikaishikiza kwa mkono kwa vishono vidogo vya kulala ambavyo havitokezi upande wa nje. Kata turubai hiyo ndogo kuliko kola ili isiingie kwenye mshono. Kipande cha kola cha ndani nacho kikatwe kidogo kuliko cha nje kwa milimita mbili pembeni. Hivyo mshono unavutwa ndani na hauonekani.

Wakati wa kuiunga na vesti, pima shingo ya vesti kwenye mstari wa mshono. Ukingo wa kitambaa utakudanganya kwa zaidi ya sentimita nzima. Kata vijichano kwenye ukingo huo kila sentimita moja, visifike kwenye mstari, ndipo uunge kuanzia katikati ya mgongo kuelekea mbele, upande mmoja kisha wa pili. Fundi anayeanza ncha moja mpaka nyingine bila kusimama atamaliza na kola iliyohamia bega la kulia.

Ukishaishikiza kwa uzi wa muda, mvalishe mtu. Mkalishe kwenye kiti. Atazame viatu vyake, ageuke kushoto na kulia, ameze mate. Vidole viwili viingie bila kulazimishwa. Kisha, kama ni mwigizaji, mwambie apige kelele jinsi atakavyopiga jukwaani, maana shingo inavimba mtu akipaza sauti na hakuna futi inayoonyesha hilo.

Njia fupi: vesti ya mtumba

Si kila kundi lina pesa za mita tatu na robo mara wachezaji sita. Kuna njia ya vesti za mtumba, na inatoka kwenye historia ya vesti yenyewe. Rever ya suti ya Kizungu ilikuwa zamani sehemu ya juu ya koti lililofungwa mpaka shingoni. Watu walipoliacha wazi, ikakunjika nje na kubaki hivyo. Lile tundu dogo la kifungo kwenye rever ya kushoto, ambalo leo linawekwa ua, ni mabaki ya tundu lililofungia koti shingoni. Kwa hiyo unachofanya ni kuirudisha vesti nyumbani.

Tafuta vesti ya vifungo vitatu vya mstari mmoja, yenye rever pana, kubwa kidogo kuliko mchezaji. Ya vifungo viwili au kimoja itakusumbua, maana mkunjo wake unaanza chini sana. Ondoa kola yote kwa kufumua. Fungua rever, zilaze bapa. Mkunjo wa zamani utaonekana kama mstari: nyunyiza maji yaliyochanganywa na siki kidogo, funika kwa kitambaa cha pamba, piga pasi kwa kubonyeza bila kuburuta. Jaribu kwanza mahali pa kificho, rangi isije ikahama. Sufu inasahau mkunjo karibu wote. Poliesta inasahau shingo upande, na kama mstari umegoma kabisa, vesti hiyo ipe mchezaji wa nyuma.

Sasa kutanisha pande mbili mpaka shingoni. Ncha za rever zitatokeza nje ya mstari wa mbele. Chora mstari ulionyooka kutoka kifungo cha juu kilichopo mpaka shingoni, acha nafasi ya mshono, kata. Shona upya ukingo huo pamoja na kipande chake cha ndani. Chora shingo upya ukimvalisha mtu, halafu unga kola mpya. Kitambaa cha kola kitatoka wapi? Ndani ya mifuko mikubwa hakuna cha maana; bora ununue vesti pamoja na suruali yake, ukate suruali. Mchezaji atavaa suruali nyingine ya rangi tofauti kidogo. Makarani wa kweli nao walifanya hivyo, suruali ikichakaa kabla ya vesti.

Vifungo vigawe hivi: kwanza cha kiunoni, kisha cha shingoni, halafu gawanya nafasi iliyobaki. Ukianza juu kwenda chini, cha kiunoni kitaangukia mahali pabaya na tumbo litaonekana. Vifungo vyenyewe, mimi huvifunika kwa kitambaa cha vesti. Havina mwaka, na vinaficha kwamba chini ni vya plastiki.

Yanayobaki

Suruali ya katikati ya miaka ya 1970 ilikaza mapajani ikafunguka chini. Watanzania wanaiita bugaluu. Pindo la mzunguko wa sentimita 56 linanitosha kwa karani, na kijana wa muziki namwongezea. Ya miaka ya 1980 ishuke 42 hivi.

Fulari ni kipande cha mraba cha satini, sentimita 65 kila upande. Kunja kwa pembetatu, kisha kwa utepe mpana, zungusha shingoni juu ya ngozi, funga mara moja mbele, lisha ncha ndani ya vesti, kisha vuta katikati ivimbe kidogo. Kata kipande kidogo cha kitambaa hichohicho kwa ajili ya mfuko wa kifua. Shati halivaliwi ndani. Juni na Julai, baridi yetu ikiuma, singlendi ya mikono mifupi inaruhusiwa, ila isichungulie.

Beji ya MPR ilikaa kifuani upande wa kushoto. Kutengeneza mfano wake ni kazi nyepesi: duara la bati au kartoni ngumu, rangi ya kijani na njano, mkono ulioshika mwenge. Kuivaa ndiko kuzito. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990, wiki chache tu baada ya kravati kurudishiwa ruhusa, wanafunzi waliuawa kwenye kampasi ya chuo kikuu cha hapa Lubumbashi. Familia zao zinaishi nasi. Kwa hiyo beji naiweka kwenye boksi, naileta tu kama mchezo wenyewe unazungumzia jambo hilo, na kabla ya onyesho la mtaani tunamwambia mkubwa wa mahali. Abakosti bila beji haikosi kitu. Beji bila sababu inaumiza watu.

Mke wa mkurugenzi

Wanaume wanaosoma haya watadhani kazi imekwisha. Haijaisha. Ukimsimamisha mkurugenzi wa 1974 karibu na mke aliyevaa gauni la kisasa la kubana, lenye zipu mgongoni, umetupa kazi yote.

Mama wa wakati ule alivaa vipande vitatu: blauzi, kikwembe cha chini kilichozungushwa, na cha pili kilichofungwa kiunoni juu yake. Yadi sita, yaani mita tano na nusu hivi, zinatosha vyote. Blauzi iwe na shingo pana na mikono yenye umbo. Kipindi hicho mshono wote wa majivuno ulikuwa mikononi na shingoni, chini kitambaa kinajieleza chenyewe. Usikate kikwembe kuwa sketi. Kikifungwa kwa mkono kinamlazimisha mwigizaji kutembea hatua za mama wa wakati ule, na kukirekebisha kiunoni katikati ya maneno ni igizo tosha.

Wax, yaani kitenge cha nta, ikiwa ya kweli ina rangi pande zote mbili, na vijistari vya nta iliyopasuka. Kitambaa kilichochapwa upande mmoja kina mgongo uliopauka. Ya Vlisco, kampuni ya Helmond, Uholanzi, iliyoanza 1846, ina maandishi kwenye ukingo. Kwa jukwaani huhitaji ya bei hiyo. Unachohitaji ni mchoro mkubwa, unaosomeka kutoka benchi la mwisho. Wigi marufuku, kama ilivyokuwa marufuku: mtafute mama anayejua kusuka nywele kwa uzi mweusi, zile zinazosimama. Bado wapo Katuba, na watafurahi kuulizwa.

Kuosha na kuazimisha

Tergal ifue kwa maji ya vuguvugu, uitundike ikiwa bado inachuruzika, wala usiikamue. Sufu usiifue kabisa. Itundike nje kivulini baada ya onyesho, upigie brashi vumbi jekundu likiwa limekauka. Likilowa linakuwa doa. Kola ndiyo inayoshika jasho, kwa hiyo ndani yake shikiza utepe mweupe wa pamba kwa vishono virefu. Unaufumua, unaufua peke yake, unaurudisha.

Makundi mengine yatakuja kuazima. Toa, lakini andika jina lako kwa uzi ndani ya mfuko wa ndani, piga picha ya vazi likiwa limevaliwa siku linapotoka, na suruali iandike namba ileile ya vesti yake. Mkataze mtu yeyote kukata pindo. Anayetaka suruali fupi aikunje kwa ndani na kuishikiza kwa uzi, na uzi huo autoe mwenyewe kabla ya kurudisha.